Kidonge cha asubuhi kinaponywewa mchana: Nani anakagua dawa za wazee wetu nyumbani?

Iringa. Kwenye bahasha ndogo ya dawa, ile ya karatasi anayopewa mgonjwa dirishani, huandikwa jina la dawa na tarakimu mbili tu: 1x1, 1x2 au 1x3. Kwa mtoa dawa maelezo yamekamilika. Kwa msichana wa kazi aliyefika mjini wiki iliyopita kutoka kijijini, au kwa mjukuu wa darasa la sita aliyeambiwa "usisahau dawa za bibi", hesabu hiyo haisemi kitu. Kimoja mara tatu, saa ngapi? Kabla ya chai au baada yake? Kikisahaulika asubuhi, mchana ameze viwili?

Maswali hayo hayana wa kuyajibu, kwa sababu waliosikia maelezo dirishani wameshatoka. Kihesa ni kata ya watu wanaoamka mapema. Wapo wanaowahi sokoni, wapo wanaopanda daladala kwenda mjini kazini, na zipo nyumba zilizojaa vyumba vya wanafunzi wa vyuo ambao mwenye nyumba wanamsalimia tu getini. Ikifika saa 2 asubuhi, katika nyumba nyingi anabaki mzee mwenye presha, au sukari, au vyote viwili, pamoja na mtu mmoja mdogo aliyepewa kazi ya kufua, kupika, kulea mtoto na, katikati ya hayo yote, kugawa dawa.

Hiyo ndiyo nyumba ya wazee ya Tanzania. Yapo makazi rasmi yanayoendeshwa na Serikali, kama Nunge kule Kigamboni, Njoro mjini Moshi, Fungafunga Morogoro na Kolandoto mkoani Shinyanga. Zanzibar ina Sebleni na Welezo. Lakini makazi hayo ni ya wachache, hasa wazee wasio na ndugu wa kuwatunza. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomtambua mzee kuwa mtu mwenye miaka 60 na kuendelea, inaiweka familia mbele katika matunzo, na makazi yanabaki kuwa njia ya mwisho. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha wazee ni takriban asilimia 5.7 ya Watanzania. Karibu wote wanalala nyumbani kwao au kwa watoto wao, na dawa zao zimo kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati.

Mfuko huo hakuna anayeukagua.

Wenzetu wanakagua nini?

Nchini Marekani, nyumba za kutunzia wazee zinakaguliwa kwa mujibu wa sheria iliyopitishwa mwaka 1987, baada ya malalamiko ya miaka mingi kuhusu wazee kuachwa wachafu, kufungwa vitandani na kunyweshwa dawa za kuwalaza ili wasisumbue. Mkaguzi hafiki kusoma makaratasi tu. Anasimama pembeni na kumwangalia muuguzi akigawa dawa, si chini ya mara 25, kisha analinganisha alichokiona na alichoandika daktari. Makosa yakifikia asilimia 5, nyumba hiyo inaandikiwa dosari. Kwa hesabu rahisi, kosa 1 katika 25 ni asilimia 4, linavumilika. Makosa 2 ni asilimia 8, na dosari inaingia kwenye ripoti ambayo mtoto yeyote wa mzee anaweza kuisoma.

Kuchelewesha dawa ni miongoni mwa makosa hayo, ila mwongozo wa wakaguzi una busara ambayo hata nyumba ya Kihesa inaweza kuazima. Dawa ikitolewa zaidi ya saa moja kabla au baada ya muda uliopangwa, mkaguzi anajiuliza kwanza kama kuchelewa huko kunaweza kumsumbua mzee au kumhatarisha. Kama dawa inakaa mwilini muda mrefu na haijali robo saa, hahesabu kosa. Lakini dawa iliyoandikwa inywewe kabla ya kula ikitolewa baada ya kula, hilo ni kosa moja kwa moja.

Hata hivyo ukaguzi peke yake haujamaliza tatizo huko. Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulifuatilia wazee 256 katika nyumba 55 za matunzo. Wazee 7 kati ya 10 walikutwa na angalau kosa moja la dawa, ama katika kuandikiwa, kutolewa, kupewa au kufuatiliwa. Hizo ni nyumba zenye wauguzi, madaftari na makabati yenye kufuli. Nyumbani kwetu ambako hakuna hata kimoja kati ya hivyo, mtu asijidanganye kwamba hali ni nzuri zaidi kwa sababu tu mgawaji anampenda bibi.

Kuna jambo la ajabu kidogo katika habari hii. Wapo Watanzania na Wakenya wengi wanaofanya kazi katika nyumba hizo za wazee huko Marekani na Uingereza. Wanaoga wazee wa watu, wanawageuza kitandani, na wenye mafunzo wanagawa dawa kwa saa na kuweka sahihi kila kidonge kinapomezwa. Saa 2 asubuhi ya Kihesa, kule Texas ni karibu usiku wa manane. Mtoto anatoka zamu, anapiga simu nyumbani na kuuliza, "Mama amekunywa dawa?" Anajibiwa, "Amekunywa." Simu inakatwa. Kazini kwake jibu hilo lisingekubalika, kwa sababu halisemi dawa ipi, saa ngapi, nani alimpa, na kama aliimeza au aliiweka chini ya mto.

Si kila dawa inachelewa kwa usalama

Familia nyingi huchukulia dawa zote sawasawa. Ama zinaogopwa zote hadi mzee anaamshwa usiku kwa kidonge kisicho na haraka, ama zote zinaahirishwa hadi "mama akirudi kazini". Ukweli uko katikati.

Amlodipini, dawa ya presha inayonywewa na wazee wengi, inakaa mwilini zaidi ya siku nzima. Mzee aliyezoea kuinywa saa 1 asubuhi akiinywa saa 4, hakuna lililoharibika. Kinachoharibu ni kuiacha siku tano kwa sababu imeisha na mwezi haujaisha. Kaptopili ni tofauti. Nguvu yake inakwisha mapema, ndiyo maana huandikwa mara mbili au tatu kwa siku, na kuruka dozi ya mchana kila siku kunaacha presha ikipanda kila jioni. Na zipo dawa kama propranololi na atenololi ambazo hazifai kukatishwa ghafla, hata kama mzee anajisikia vizuri, kwa kuwa moyo unaweza kurudi kwa kasi ya hatari.

Furosemaidi, kile kidonge cha kupunguza maji mwilini, kina tatizo lake. Kikicheleweshwa kutoka asubuhi hadi jioni, bibi anaamka usiku mara nne kwenda chooni. Iringa ya Juni na Julai ina baridi kali, choo cha nyumba nyingi kiko nje, na sakafu ya saruji imelowa. Mzee anaanguka, anavunjika nyonga, na familia inasema ni uzee. Wakati mwingine ni kidonge cha asubuhi kilichonywewa saa 12 jioni.

Sukari ndiyo inayohitaji macho zaidi. Insulini ya mchanganyiko huchomwa takriban nusu saa kabla ya chakula. Ikichomwa saa 1 halafu uji ukachelewa kwa sababu mkaa umegoma kuwaka, au mzee akakataa kula, sukari inashuka. Hali ni hiyohiyo kwa vidonge vya glibenklamaidi, ambavyo vimezoeleka sana nchini. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika orodha yake ya dawa muhimu, linaeleza kuwa glibenklamaidi haifai kwa mtu mwenye umri wa zaidi ya miaka 60, na linaelekeza kwenye dawa nyingine ya kundi hilo, gliklazaidi. Sababu ni kwamba inaweza kushusha sukari ya mzee kupita kiasi na kuiweka chini kwa saa nyingi. Mwenye mzazi anayeitumia asiikatishe mwenyewe. Aichukue bahasha, aende nayo kliniki na kuuliza kama kuna sababu ya kuendelea nayo.

Dalili za sukari kushuka anatakiwa azijue yule anayebaki nyumbani, si mwenye nyumba peke yake: jasho la ghafla, kutetemeka, njaa, maneno yasiyoeleweka, usingizi usio wa kawaida, au mzee mpole kugeuka mkali bila sababu. Kama anaweza kumeza, apewe vijiko vidogo 3 hadi 4 vya sukari kwenye maji, kisha chakula. Kama hajitambui, asinyweshwe chochote, akimbizwe hospitali. Na kama alikunywa glibenklamaidi, apelekwe hospitali hata akizinduka, kwa sababu sukari inaweza kushuka tena baada ya saa chache.

Ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa, ndio wenye saa kali kuliko yote. Chama cha wagonjwa hao nchini Uingereza kimekuwa kikiendesha kampeni tangu mwaka 2006 kudai dawa zitolewe kwa muda sahihi hospitalini na kwenye nyumba za wazee, kwa kuwa hata nusu saa inatosha kumwacha mgonjwa ameganda kitini, hawezi kusimama wala kumeza. Hapa kwetu tatizo linaanzia nyuma zaidi. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba wengi kati ya wagonjwa waliobainika hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa huo. Ilidhaniwa wamezeeka tu.

Saa nane ya simu na saa nane ya bibi

Lipo kosa moja ambalo halimo kwenye mwongozo wa mkaguzi yeyote wa Ulaya. Simu inaandika 8:00 pale ambapo Mswahili anasema saa 2 asubuhi. Mtoto aliyeko mbali, aliyezoea hesabu ya Kizungu, anatuma ujumbe: "Dawa apewe saa 8 na saa 8." Alimaanisha saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Msichana wa nyumbani anasoma saa 8 mchana na saa 8 usiku. Dozi inasogea saa sita mbele, na kwa dawa ya sukari inayotegemea chakula hilo si jambo dogo.

Dawa nzuri ya kosa hili ni kuacha tarakimu kabisa na kufungamanisha kidonge na jambo linalofanyika kila siku: kabla ya uji, baada ya ugali wa mchana, wakati wa taarifa ya habari ya usiku. Mzee mwenyewe anaelewa lugha hiyo kuliko alamu, na kama kumbukumbu yake bado iko sawa, yeye ndiye mkaguzi wa kwanza. Wazee wengi hawaulizwi. Wanawekewa vidonge mkononi kama watoto, kumbe wanajua kwamba kile chekundu kilibadilishwa kliniki mwezi uliopita.

Halafu kuna suala la kusaga. Mzee asiyeweza kumeza vizuri husagiwa vidonge kwenye kinu au kwa kijiko na kuchanganyiwa kwenye uji. Kwa baadhi ya dawa hakuna shida. Lakini nifedipini ya kuachia taratibu imetengenezwa itoke kidogokidogo kutwa nzima. Ukiisaga, nguvu yote inaingia kwa mara moja na presha inaweza kuporomoka. Swali la "hiki kinasagwa?" ni la sekunde tano dirishani.

Kuchelewa kunakoanzia nje ya nyumba

Ingekuwa si haki kumlaumu msichana wa kazi kwa yote. Wakati mwingi dawa inachelewa kabla haijafika mlangoni. Kliniki ya presha na sukari ni siku maalumu, mzee anatoka Kihesa asubuhi na mapema, anapanga foleni na kufika dirishani akaambiwa dawa mbili zipo, ya tatu akanunue. Sera inatamka wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo, na hospitali nyingi zina dirisha la wazee, lakini dirisha halimpi mzee dawa ambayo haipo kwenye rafu. Karatasi inakwenda kwa mtoto, mtoto anasubiri mshahara, na kati ya tarehe 18 na 30 mzee anagawanya kidonge kimoja mara mbili ili vifike. Hasemi. Wazee wa Iringa hawapendi kuonekana mzigo, na anayepigiwa simu hujibiwa "tuko salama" hata kama bahasha ni tupu.

Hapo ndipo fedha zinaposaidia kuliko maneno. Mtumishi mwenye kadi ya NHIF anaweza kumwandikisha mzazi kama mtegemezi, na wengi wanakumbuka kufanya hivyo baada ya mzazi kulazwa. Kwa wasio na bima, kutuma hela ya dawa wiki moja kabla hazijaisha badala ya wiki moja baadaye hakuongezi gharama hata shilingi.

Duka la dawa la mtaani nalo linaingia hapa. Ni la karibu, muuzaji anamjua bibi kwa jina, na magoti yanapouma anapewa diklofenaki. Dawa hiyo inaweza kupandisha presha, kuumiza figo na tumbo la mzee, na kupunguza nguvu ya dawa za presha alizopewa kliniki. Daktari anaona presha imekataa kushuka, anaongeza dozi. Hajui habari za magoti kwa sababu hajaambiwa.

Dawa zinazofichwa

Kwa Nyanda za Juu Kusini kuna habari ambayo kurasa za familia huikwepa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wenye miaka 15 na zaidi yakiwa juu zaidi Njombe, asilimia 12.7, ikifuatiwa na Iringa, asilimia 11.1, na Mbeya, asilimia 9.6. Watu walioanza dawa za kufubaza virusi miaka 15 au 20 iliyopita, wakiwa na nguvu zao, sasa ni mababu na mabibi. Hilo ni jambo jema, maana yake dawa zimefanya kazi. Lakini mzee aliyetoka nyumbani kwake Kilolo au Mufindi na kuhamia kwa mtoto Kihesa ameingia kwenye nyumba ya watu sita, na hajamwambia mtu.

Anazimeza dawa zake usiku, watu wakilala. Siku wageni wakikaa sebuleni hadi saa 5, anaziruka. Akilazwa, dawa za presha zinabebwa kwenda wodini na zile nyingine zinabaki zimefungwa kwenye khanga chini ya godoro. Mtoto hawezi kumlazimisha mzazi kusema siri yake. Anaweza kumpa chumba au hata droo yenye ufunguo, na kumwacha aende kliniki peke yake bila kuhojiwa. Anaweza pia kumwambia mara moja, bila kurudia, kwamba dawa zote ni dawa tu. Wapo wazee waliosubiri kauli hiyo miaka.

Ukaguzi wa Jumamosi

Mtu mzima mmoja katika nyumba, awe binti, mkwe au mjukuu wa chuo, anaweza kufanya kazi ya mkaguzi kwa nusu saa kila Jumamosi. Anamwaga mfuko wote kitandani. Kwanza anahesabu vidonge. Kama bibi alipewa 30 tarehe 1, na leo ni tarehe 15 kabla hajanywa cha leo, vibaki 16. Vikiwa 22, sita havikunywewa, na hapo hakuna haja ya ugomvi bali ya kujua ni siku zipi na kwa nini. Vikiwa 10, kuna mtu anatoa mara mbili. Kuhesabu kunasema kile ambacho simu ya kutoka Texas haiwezi kukisikia.

Kisha anasoma tarehe za mwisho wa matumizi, anatenga dawa zilizokatazwa na daktari lakini bado zinatunzwa "kwa dharura", na anaangalia insulini imewekwa wapi. Insulini isiyofunguliwa hukaa kwenye friji, mbali na sehemu ya barafu, kwani ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka. Chupa inayotumika inaweza kukaa nje takriban wiki nne mahali pa ubaridi, na kwa mji ulio juu ya mita 1,500 kama Iringa hilo linawezekana, mradi haiko dirishani wala karibu na jiko.

Daftari la shilingi mia chache linatosha kwa yaliyobaki. Mistari miwili kwa siku: asubuhi, jioni, na jina la aliyetoa dawa. Kama ni mjukuu, aandike mjukuu. Watoto wanaipenda kazi hiyo, na mara nyingi ni waangalifu kuliko wakubwa, ila asiachiwe mtoto sindano ya insulini wala mzee anayechanganyikiwa. Msichana wa kazi aende kliniki angalau mara moja pamoja na bibi, asikie mwenyewe maelezo kutoka kwa muuguzi badala ya kuyapata kwa mkato mlangoni. Iringa inapeleka mabinti wengi Dar es Salaam kulea watoto na wazee wa wengine, na wengi wanaondoka bila mtu kuwafundisha hata namna ya kusoma bahasha.

Daftari hilo na mfuko wote wa dawa, pamoja na za dukani na za mitishamba, vibebwe siku ya kliniki. Daktari akiona vyote kwa pamoja ndipo anaweza kusema kipi kiachwe. Na kabla ya kuondoka dirishani, anayepokea dawa amwombe mtoa dawa ageuze bahasha na kuandika upande wa nyuma kwa maneno: kimoja asubuhi kabla ya kula, kimoja usiku baada ya kula, kisisagwe. Foleni nyuma itanung'unika kidogo.